Mwenye Kwenda Mlimani na Mwenye Kungoja Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, usiku wa Jumamosi, baada ya chakula)



Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena tukiwa na afya njema, baadhi yetu tukiwa tumetoka hapa hapa Uingereza, na wengine wakiwa wamesafiri kutoka Maskati, Dubai, Toronto, Mombasa, na Tanga kwenye chimbuko letu. Wale waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano uliopita tunawaombea rehema na maghufira. Kadhalika naishukuru kamati ya maandalizi, na hasa kina mama waliotupikia biriani iliyonifanya nisite kusimama.

Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo limeleta mvutano kidogo katika ukoo. Vijana wetu kumi na wawili, mkubwa wao ana miaka 29 na mdogo wao miaka 17, wameazimia kuvuka milima ya Cairngorms, huko Scotland, kwa miguu, kiangazi kijacho, kwa njia iitwayo Lairig Ghru. Habari hizi zilipofika Maskati, shangazi yetu mkubwa alileta salamu, nami nazisoma kama zilivyo: "Hivi nyinyi huko mmekosa barabara za magari?" Wako wazee wanaotaka safari hii ipigwe marufuku. Na wako vijana wanaojibu kwamba wao ni watu wazima, wana viatu, wana simu, na hawahitaji ruhusa ya mtu.

Kamati iliniita mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilipata kufanya kazi ya serikali iliyonipeleka porini. Ya pili, mimi ndiye mtu mzima wa ukoo huu aliyekwisha kupotea katika milima hiyo hiyo. Kwa hiyo sikuja kutoa idhini wala kukataza. Nimekuja kutoa ushahidi, kisha niombe jambo moja: mtu asiondoke kwenda mlimani kabla hajaacha maandishi kwa mwenye kungoja, na ile saa aliyoiandika kuwa ndiyo ya kugeuka ikifika, na ageuke, hata kama aliyemkumbusha ni mdogo kuliko wote.

Ndugu zangu, yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Sisi ni watu wa pwani. Wengi wetu tukisikia kwamba mlima mrefu kuliko yote wa Cairngorms, Ben Macdui, una kimo cha mita 1,309 tu, hucheka, tukikumbuka Kilimanjaro na mita zake 5,895. Kicheko hicho ni hatari. Milima ile iko nyuzi 57 kaskazini ya ikweta, na sehemu yake ya juu si vilele vilivyochongoka bali ni uwanda mpana, mtupu, wa mawe na kuvumwani, usio na mti wala nyumba. Katika milima sita mirefu kuliko yote ya Uingereza, mitano imo humo. Theluji yaweza kuanguka kileleni katika mwezi wowote wa mwaka. Tarehe 20 Machi 1986, juu ya kilele cha Cairn Gorm, mitambo ya hali ya hewa iliandika upepo wa maili 173 kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 278. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa huko mwaka 2003 ina eneo la kilomita za mraba 4,528, zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Na katikati ya milima hakuna barabara hata moja.

Mwezi Novemba mwaka 1971, wanafunzi kutoka Edinburgh na viongozi wao walikumbwa na tufani ya theluji juu ya uwanda huo. Walikuwa wamekusudia kukifikia kibanda cha kujihifadhi, wasikifikie. Walikaa nje usiku mara mbili. Watu sita walikufa kwa baridi, watano kati yao wakiwa wanafunzi. Msiba huo ulifanya nchi nzima iangalie upya namna ya kuwafundisha viongozi wa safari za mlimani. Nawatajia haya kwa kuwa watoto wale hawakufa kwa kuanguka gengeni, kama wengi wetu tunavyodhani watu hufa milimani. Walikuwa mahali pa tambarare.

Sasa naja kwenye ushahidi wangu. Mke wangu yupo hapa mbele yenu, naye amenipa idhini niyaseme haya, ingawa amesema ataongeza pale nitakapopunguza.

Mwishoni mwa Septemba mwaka 2012 nilikwenda huko pamoja na mtoto wa marehemu kaka yangu, na mwanawe ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14. Tulikusudia kupanda Ben Macdui na kurudi siku ile ile. Mimi nilikuwa na miaka 52, na nilijiona kiongozi kwa kuwa ndiye mkubwa. Tulifika kwenye uwanja wa magari, chini ya mlima Cairn Gorm, saa sita kasorobo mchana. Tulichelewa kuamka, tukachelewa kunywa chai, kisha tukachelewa tena kwa sababu niliingia dukani kununua glavu nilizozisahau nyumbani. Ramani nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeinunua asubuhi ile, sijaifungua.

Laiti ningefanya hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu, na vijana naomba waiandike. Mwaka 1892 Mskoti mmoja aitwaye William Naismith aliweka kanuni ambayo bado inatumika: kila kilomita 5 hesabu saa moja, na kwa kila mita 600 za kupanda ongeza saa moja nyingine. Safari yetu ilikuwa ya kiasi cha kilomita 17 kwenda na kurudi, na kupanda kama mita 800. Hiyo ni karibu saa tano kwa mtu mwenye nguvu asiyesimama. Kwa mzee mwenye kitambi, mtoto wa miaka 14, mapumziko, chakula na swala, ni saa saba au nane. Ongeza saa saba juu ya saa sita kasorobo mchana, unapata saa moja kasorobo ya jioni. Na jua la siku zile lilizama saa moja. Yaani hata kama kila kitu kingekwenda sawa, tulikuwa tumebakisha dakika chache tu za mwanga. Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nyumbani, kwa kalamu na karatasi, na nilipoimaliza niliona haya.

Tulifika kileleni saa kumi alasiri, na ukungu ulikuwa umekwisha kutufunika. Nilitoa dira yangu ndogo, ile niliyoizoea miaka mingi kuitafutia kibla. Tukaswali Alasiri sote watatu, nami nikiwa imamu, tumeelekea kusini-mashariki. Tulipotoa salamu nikaitia dira mfukoni, nikajitwika mkoba, nikashika njia. Nikaenda vile vile nilivyokuwa nimeelekea. Gari letu lilikuwa upande wa kaskazini.

Palikuwa na alama za miguu ardhini, maana watu wengine huteremka kwa upande huo. Nami nikaridhika kwamba ndipo penyewe. Tulikwenda zaidi ya saa nzima. Kisha ukungu ukapasuka kidogo, tukaona chini yetu ziwa kubwa, jeusi. Wakati wa kupanda tulikuwa tumepita kiziwa kidogo tu, kinachoitwa Lochan Buidhe. Hili lilikuwa ziwa jingine kabisa, Loch Etchachan, nasi tulikuwa tumeteremka upande wa pili wa mlima.

Hapo ndipo mtoto wa kaka yangu aliposema kwa sauti ndogo: "Ami, mimi niliona tangu tulipomaliza kuswali. Tulikuwa tunakwenda upande wa kibla, na gari tumeliacha nyuma ya migongo yetu."

Nikamwuliza: "Kwa nini hukusema?"

Akanijibu: "Wewe ndiye mkubwa, ami. Nilidhani unajua njia nyingine."

Ndugu zangu, maneno hayo hayajanitoka mpaka leo. Kijana yule hakufanya kosa. Alifanya kama tulivyomlea: mtoto hamsahihishi mkubwa, na hasa hamsahihishi mbele ya mwanawe. Kosa lilikuwa langu. Na nikiri jambo jingine: hata mimi moyoni nilikuwa nimeanza kuingiwa na shaka kama nusu saa kabla ya kuliona ziwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwambia mjukuu wangu mara mbili kwamba karibu tutafika. Niliona ni aibu kugeuka.

Tulipanda tena mpaka kileleni. Pale nilimkabidhi kijana wangu ramani na dira, nikamwambia kuanzia sasa yeye ndiye kiongozi na mimi nitafuata. Jua lilizama. Tulikuwa na tochi moja. Yeye alishika dira, na mtoto akawa anahesabu hatua kwa sauti, kama alivyofundishwa shuleni, ili tujue tumekwenda kiasi gani. Tulipokikaribia kile kiziwa kidogo, ambacho si mbali na mahali walipokwama wanafunzi wa mwaka 1971, niliona mtoto ameacha kuhesabu. Alikuwa anatetemeka, anajikwaa, na nikimsemesha ananijibu maneno yasiyonyooka. Suruali yake ilikuwa ya jinzi, imelowa, nayo pamba ikilowa haileti joto hata kidogo. Tulimvua koti lililolowa, nikampa sweta langu la sufi, tukamlisha tende, tukamweka katikati yetu mpaka alipoanza tena kusema. Tulifika garini saa sita kasoro dakika ishirini usiku.

Haya ndiyo ya huko juu. Lakini nusu ya kisa hiki haikutokea mlimani. Ilitokea nyumbani kwetu, Leicester.

Nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba tutampigia simu jioni. Simu yangu ilizimika mchana kwa baridi, na ya kijana wangu haikupata mawimbi. Saa nne usiku mke wangu aliwapigia polisi. Walimwuliza kwa upole. Wamekwenda mlima gani? Hajui. Wameanzia wapi? Hajui. Wamekusudia kupita njia gani? Hajui. Gari lao lina namba gani? Lilikuwa la kukodi, hajui. Wamevaa nguo za rangi gani? Hajui. Walisema watarudi saa ngapi? Hatukusema. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa moja tu: "Wamekwenda Scotland." Na Scotland, ndugu zangu, ina zaidi ya kilomita za mraba 77,000.

Nilipompigia simu usiku ule nilitegemea atalia au atanifokea. Hakufanya lolote katika hayo. Alisema: "Nilikuwa nimekaa na simu mkononi, sina hata jina la mlima wa kuwatajia." Kisha akakata.

Nimesema hapo mwanzo kwamba nilipata kufanya kazi ya serikali. Kabla sijahamia nchi hii mwaka 1991, nilikuwa mtumishi katika ofisi ya ardhi na upimaji mkoani Tanga, na kazi yetu ilitupeleka mara kwa mara katika milima ya Usambara. Hakuna aliyeondoka ofisini bila kuandika katika daftari la safari: jina lake, kijiji aendacho, njia atakayopita, aliofuatana nao, na siku ya kurudi. Karani wetu mkuu alilishika daftari lile kama msahafu. Siku iliyoandikwa ikipita na mtu hajarudi, yeye hakuuliza mara mbili, gari lilikwenda. Wakati ule tuliona ni ukiritimba. Tulimcheka. Na mimi, niliyeandika katika daftari lile kwa miaka, nilisahau kufanya hivyo kwa mke wangu mwenyewe.

Kwa hiyo sasa nageukia safari ya vijana wetu, na naomba tuipange hapa hapa, wazee wakisikia, ili wajue nini kinachoitwa kupanga.

Njia ya Lairig Ghru, kutoka Coylumbridge karibu na Aviemore mpaka Linn of Dee upande wa Braemar, ni kiasi cha kilomita 30. Huanzia msituni, huvuka daraja la miguu lililojengwa mwaka 1912, kisha hupanda katikati ya milima mpaka kimo cha mita 835. Pale juu njia hupotea katika majabali, na mtu huruka kutoka jiwe hadi jiwe. Hapo ndipo vifundo vya miguu huvunjika. Baada ya hapo huteremka kuufuata mto Dee unapoanzia, hupita mkabala na kibanda kiitwacho Corrour, kilichojengwa mwaka 1877, kisha huelekea mashariki mpaka Linn of Dee. Tuifanye hesabu ya Naismith. Kilomita 30 ni saa sita. Kupanda mita 600 ni saa moja. Jumla saba. Ongeza majabali, chakula, swala, na mwendo wa yule mdogo kuliko wote, maana kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Fanyeni saa kumi na moja. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mtafika saa kumi na moja jioni. Mwezi Juni jua la huko huzama kiasi cha saa nne usiku, basi mtakuwa na akiba ya saa tano. Safari ya namna hiyo ina nafasi ya kukosea. Ile yangu haikuwa nayo.

Na magari je? Linn of Dee hakuna basi, na kwa gari kutoka upande mmoja hadi wa pili ni lazima kuizunguka milima yote, karibu mwendo wa saa mbili. Hapana budi mtu wa kuwapokea apangwe mapema, naye awe amefika kabla yenu. Mimi nimejitolea.

Sasa karatasi. Iwe na mambo sita, na isizidi ukurasa mmoja, ili hata mtu mwenye hofu aweze kuisoma kwenye simu bila kuchanganyikiwa.

La kwanza, majina ya wote, umri wao, namba zao za simu, na maradhi ya kila mmoja. Mwenye pumu aseme. Mwenye sukari aseme. Hapa si mahali pa kuficha.

La pili, mahali pa kuanzia na pa kumalizia, na namba za magari yote.

La tatu, njia yenyewe, iliyochorwa juu ya ramani ya 1:25,000, ambayo sentimita 4 juu yake ni kilomita moja ya ardhi. Ramani ya simu ni nzuri, lakini betri hufa kwa baridi, karatasi haifi. Na ramani ifunguliwe na kusomwa nyumbani, siku nyingi kabla.

La nne, mlichobeba na rangi za makoti yenu. Kila mmoja awe na koti na suruali ya mvua, nguo ya sufi au ya joto isiyo ya pamba, kofia, glavu, tochi yake mwenyewe, firimbi, na chakula cha zaidi ya siku moja. Tende, chapati na njugu ni chakula bora cha mlimani, nasi tunazo kuliko wao. Baridi hupungua au kuongezeka kwa kimo: kila mita 150 za kupanda, joto hushuka kama nyuzi moja, na bado hujauhesabu upepo. Msisahau dawa ya usubi, ambao mwezi Juni huwa wengi kama mchanga, na mkirudi jikagueni miili kwa ajili ya kupe, maana kupe wa huko huambukiza maradhi.

La tano, saa ya kugeuka. Nawapendekezea saa saba mchana. Ikiwa saa saba imefika nanyi hamjafika juu ya mita zile 835, mgeuke. Kutoka pale kurudi Coylumbridge ni karibu zaidi kuliko kwenda Linn of Dee. Vile vile mkikuta kijito kimefura kwa mvua, msivuke; rudini. Na asubuhi yenyewe, kabla ya kufunga viatu, someni utabiri wa hali ya hewa wa milimani, ambao ni mbali na ule wa mjini. Ukiwa mbaya, bakini Aviemore mkanywe chai. Mlima utakuwepo mwaka unaofuata.

La sita, saa ya kuitia msaada. Tuseme saa tatu usiku. Saa hiyo ikipita bila simu yenu, mwenye karatasi asingoje, asione haya, asiseme labda wako njiani. Apige 999, aombe polisi, aseme anataka waokoaji wa mlimani, na awasomee karatasi kuanzia juu hadi chini. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea, hawalipwi mshahara; wengine huacha vitanda vyao usiku wa manane kwa ajili ya watu wasiowajua. Kuwapa jina la njia ni heshima ndogo kabisa tunayoweza kuwafanyia.

Nanyi mkiwa mlimani mkapatwa na shida, pigeni firimbi mara sita katika dakika moja, nyamazeni dakika moja, kisha rudieni. Na kabla hamjaondoka nyumbani, kila mmoja aiandikishe simu yake kwa kupeleka ujumbe wenye neno "register" kwenda 999, ili muweze kuomba msaada kwa maandishi pale ambapo sauti haipiti.

Limebaki moja, nalo ni zito kwetu kuliko yote hayo. Naomba mkutano huu ukubali kwamba katika safari hii, yeyote akisema "turudi" au "nadhani tumepotea", kundi lisimame, dira itolewe, na neno lake lisikilizwe. Aliye na miaka 17 awe na haki hiyo sawa na mwenye 29. Nawaomba wazee mlisikie hili bila kukasirika. Siwaambii vijana waache adabu. Nawaambia kwamba adabu ya mlimani ni kumwambia mkubwa wako ukweli mapema, na adabu ya mkubwa ni kusema ahsante. Kama kijana wangu angesema "Ami, gari liko nyuma" pale pale tulipotoa salamu, tungekuwa tumepoteza nusu dakika.

Kwa wale wanaotaka tuwakataze, nina haya ya kusema kwa heshima. Sisi sote katika ukumbi huu ni wazao wa watu waliopanda vyombo, na wengine wetu ni sisi wenyewe tulioondoka. Mimi niliondoka nikiwa na miaka 31, na marehemu mama hakunizuia. Alichotaka ni anwani. Aliniambia niiandike kwa herufi kubwa, na aliiweka chini ya mto wake mpaka alipofariki. Vijana hawa wanatuomba kitu kidogo kuliko nilichomwomba yeye. Na sisi tunawadai kitu kidogo vile vile.

Ama huyo wa kuishika karatasi, nimekwisha kumwomba mke wangu, naye amekubali kwa sharti kwamba mimi nisiwe miongoni mwa wanaopanda. Nakala moja ipelekwe Maskati kwa shangazi. Huko saa zao zitakuwa zimetutangulia kwa saa tatu, kwa hiyo saa tatu usiku yetu kwake itakuwa saa sita ya usiku. Nilimwambia jana kwa simu kwamba asikeshe, tutampa habari asubuhi. Alisema nisimfundishe la kufanya, nimtumie tu hiyo karatasi, na iandikwe kwa herufi kubwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Pale nilipokosea ni kwa upungufu wangu, na mke wangu atanisahihisha mara nitakapokaa. Mwenyezi Mungu awalinde wanaokwenda na awape subira wanaongoja.